Mlima Ndani ya Chumba

Miaka kumi na moja nafundisha watu kutembea
katika hospitali hii ya San Cristóbal, Chiapas,
na neno langu la kwanza huwa "kushoto".

Alux Intzín, mkulima wa kahawa, aliletwa Machi,
kiharusi kimemlegeza nusu ya mwili
kama gunia lililovuja upande mmoja.
Vyuma viwili sambamba, yeye katikati,
uso kwenye dirisha. Egemea huku. Inua. Kanyaga.
Siku ya nne akavuka bila mkono wangu.
Nikamgeuza arudi
na mwili ukaegemea upande ule ule wa chumba,
yaani upande wa pili wa yeye,
kwenye mguu mbovu.
Nilimdaka kwa mkanda wa suruali.

Nikaandika failini: *hatofautishi kulia na kushoto.*
Kalamu ya bluu, bila kusita.

Petrona, bintiye, alisoma akacheka.
"Mkono wa kulia anaujua, ndio wa panga.
Lakini *upande* wa kulia, daktari, ni upande gani huo
unaohama kila mtu akigeuka?
Kwetu kikombe kiko juu ya sufuria.
Si juu hivyo! Juu kwa mlimani,
hata meza ikiwa tambarare, hata gizani."

Nikamuuliza Alux: hapa, juu ni wapi?
Hakutazama dirisha. Mkono mzima ulinyooka
kupita ukuta, kupita duka la dawa, kusini,
kama mtu anayeonyesha pua yake.

Tukaanza upya.
Uzito upe mlima. Geuka.
Mlima umebaki pale, wewe ndiye uliyehama:
sasa lipe bonde.
Hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi,
jasho likimchuruzika sikioni.

Wiki ya sita wakamshusha kupigwa picha ya kichwa:
lifti, korido isiyo na dirisha, kona, kona tena.
Aliporudi miguu iligoma.
"Juu imepotea," alisema,
na mimi, mwenye cheti ukutani,
sikuweza kumwonyesha.

Nikamsukuma kwenye kiti hadi barazani. Ukungu.
Tulikaa. Muuguzi akapita na chai, akarudi na vikombe vitupu.
Kisha ukungu ukaachia kibao cha kijani, cha duka la dawa,
na bega lake likageuka
kabla ya macho.

Mstari ule failini nimeukata.
Bado sijapata cha kuandika badala yake.