Mpini wa Mwiko

Mzee Staniforth hakunikabidhi kisu mkononi.
Alikiweka mezani, akakisukuma kwa kidole kimoja.
Nikacheka: hata Lushoto tunafanya hivyo,
kisu hakipiti kiganja kwa kiganja,
na sikutegemea kuukuta mwiko wa kwetu
hapa Walkley, juu ya mteremko wa Sheffield,
kando ya hita inayonguruma kama tumbo la mgonjwa.

Kisu cha kukunja, urefu wa kidole cha kati,
mpini wa pembe, vibao vyote viwili vimepasuka
tangu bintiye akitie kwenye mashine ya vyombo
pamoja na vikombe.
"Nimeunda visu miaka thelathini na minane," alisema,
"na leo kifungo cha shati kinanishinda."
Mikono yake ilitetemeka magotini
kama kuku wawili walioshikwa miguu.

Basi mikono ikawa yangu, macho yakawa yake.
Keekee kwanza: toboa kichwa cha ribiti, polepole,
usiiguse shaba.
Kisha msumari butu na nyundo ndogo,
tak, tak,
si hivyo, kipenzi, unagonga kama unayedai deni,
tak.
Ribiti ikatoka, nyembamba kama mfupa wa dagaa.

Na kitu nilichodhani ni kimoja
kikalala juu ya gazeti, vipande kumi na kimoja:
vibao, mabamba, springi yenye kibiongo,
ribiti tano, na bapa lenyewe,
ulimi usio na kinywa.

Ndani mlikuwa na uchafu wa mfuko wa suruali:
uzi wa buluu, chembe ya tumbaku,
chokaa ya mwaka walipojenga bafu.
Na juu ya shaba, mahali pasipofikiwa na jicho,
mikwaruzo mitatu, na wa nne umeikata.
Nikauliza kama ni mkono wa Noreen, marehemu mkewe,
aliyeng'arisha visu gurudumu la tatu kutoka dirishani.
Nilitaka iwe barua.
"Hesabu," akasema. "Tulilipwa kwa dazeni."
Akalitazama bamba muda mrefu
kuliko hesabu inavyohitaji.

Pembe nyingine hakuwa nayo. Mimi nilikuwa na mwiko.
Mama, Bi Shekue, aliuficha sandukuni mwangu
katikati ya khanga,
ukaja kuvunjika shingo Januari hii
ndani ya ugali;
baridi ya huku hukausha hata mti uliokwisha kufa.
Kwetu mwiko ni wa kusongea, na mwiko ni katazo:
neno moja, vibao viwili, ribiti katikati.
Nikauuliza: je, ni mwiko kukukata?
Haukujibu. Nikaubana kwenye jiliwa.

Msumeno ulipopita, mti ukawa mwekundu ndani,
mbichi kwa macho.
Weusi wote ule ulikuwa moshi wa jikoni kwa mama.
Tupa, msasa, tena msasa, mafuta ya kitani.
Nilipiga chafya vumbi la nyumbani.

Mara ya kwanza nilikaza mno, hakikufunguka.
Toboa upya. Jumanne nzima ikapotea hivyo.
"Kisu chema," alisema mzee, "hutembea na husema.
Kikibanwa ni bubu. Kikilegea kitakung'ata."
Jumatano, karibu na saa kumi, jua limeshakwenda zake,
nilikiweka mezani, nikakisukuma kwa kidole.
Akakipeleka kwenye sikio lake zima,
akafungua, akafunga.
Tena.
"Kina lafudhi," akasema.

Jumapili mama akapiga simu. Habari za mvua,
habari za mbuzi wa jirani, halafu:
ule mwiko wangu, bado unao?
Dirishani, mzee Staniforth alikuwa akipanda mlima
kufuata gazeti lake, mkono mmoja mfukoni,
na mkono ule haukutetemeka.
Upo, mama, nikasema.
Umetoka kutembea.