Kipimo cha Sepetu

Ladina amechimba hadi kiunoni,
akachonga mnara wa theluji, upana wa sahani,
akalaza bapa la sepetu juu yake.

Kumi kwa kifundo cha mkono: kimya.
Kumi kwa kiwiko. La tatu tu,
tabaka la juu likamtelezea mapajani
taratibu, kama droo iliyotiwa mafuta.

Chini yake, chembe za Novemba:
sukari isiyokubali kushikana,
bado ina kinyongo na ule ukame.

Curdin, mbao za kuteleza tayari miguuni:
"Jana wameshuka kumi na wawili, wote wazima."

Ladina hajibu. Anavua glavu,
penseli inakwaruza daftarini:
*limekatika pigo la kumi na tatu.*

Curdin anasoma mara mbili.
Anainama. Anafungua mguu mmoja.