Lindo

Singano hulipwa ili angoje.
Elfu saba kwa usiku, ghala la magunia nyuma ya stesheni,
saa kumi na mbili hadi kumi na mbili,
tochi, filimbi, na kiti kilichovunjika mguu
ukaungwa kwa waya.

Asubuhi hupita kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Tano,
baiskeli kaiegemeza kwenye nguzo ya umeme,
macho mekundu kama aliyepuliza moto wa kuni mbichi.
"Mwanahamisi, niwekee elfu mbili."
Namwekea. Simuulizi.
Wakala akianza kuuliza, atakula nini?

Alinionyesha mwenyewe.
Ndani ya kioo chenye ufa, kijana mwenye deraya,
Singano wa Tanga, levo ya sitini na moja,
anaruka juu ya jitu la vichwa vitatu
kama mtu anavyoruka mtaro wa mtaani kwao.
"Gemu hili ni la bure," akasema,
na hiyo bure aliitamka kama jina la mwanawe.

Bure. Ila nguvu za kijana huisha kwa mapambano manane,
na kuzirudisha ni kungoja saa sita
au almasi thelathini.
Basi Singano, anayelipwa ili angoje,
hulipa ili asingoje.
Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti
na sikuipenda ilivyotoka.

Kisha kuna sanduku.
Hutetemeka kabla ya kufunguka, likavuja mwanga,
nawe umeshika pumzi.
Upanga wa Radi umo humo, wanasema,
mara sita katika kila elfu.
Mimi nimezaliwa Makorora, bahati nasibu naijua:
lile boksi la vijidirisha dukani kwa Bi Mgeni,
unatoboa kwa kidole, unapata pipi,
au kioo kidogo, au hewa.
Lakini Bi Mgeni alikuona ukitoka mikono mitupu,
na mara nyingine alikurushia pipi, kwa haya.
Sanduku halina haya.
Halijui kuwa Zaituni anasuka mkeka wa pili wiki hii
kwa sare ya shule ya mtu mwingine aitwaye Singano,
darasa la tatu.

Nami sijitoi. Kwenye kila elfu mbili
imo kamisheni yangu, ndogo kama ukucha wa kifaranga;
nimeinunulia chumvi, nimeinunulia nazi.
Tena nililipakua, nijue kinachomla.
Siku saba nilipewa zawadi kwa kufungua tu.
Ya nane, saa nane usiku, nikajikuta
simu ya kazi mkono huu, ya kwangu mkono huu,
wakala na mteja, najiwekea mwenyewe.
Nikalifuta kabla ya adhana. Kamisheni ilibaki.

Vuli ilipoanza alileta ujumbe wa Kiingereza nimsomee.
Niliusoma mara mbili kabla sijafungua mdomo.
Seva zinafungwa. Wanawashukuru kwa safari. Almasi hazirudishwi.
"Na upanga?"
Maana aliupata, wiki ya Maulidi, sanduku la mia nne na kumi na mbili.
"Na upanga."
Akaguna. Akasema baiskeli inataka tairi.

Usiku wa mwisho, alinisimulia baadaye, hakupigana.
Alimtembeza kijana wake mji mzima,
malango, daraja, soko lisilo na mtu,
akikagua kufuli moja moja
kama anavyolizunguka ghala,
hadi saa tisa na dakika kumi kikatokea kile kiduara,
kikazunguka, kikazunguka.
Akaiweka simu chini. Akapuliza filimbi mara moja,
kwa kawaida ya kazi.
Mbwa wa stesheni wakaitikia.

Jana kapita. Nguzo ileile, tairi jipya.
"Niwekee elfu mbili."
Nikamtazama.
"Ya luku," akasema.
Nikamwekea.
Namba ya mita sikumuuliza.