Kielelezo cha Pili

(Mahakama ya Mwanzo, Newala)

Mheshimiwa, cha kwanza ni risiti:
magunia sita ya korosho, ghala la Kitangari,
yote yakaishia kwenye karo.

Cha pili, kipeperushi chao. Ona rangi zilivyokolea.
"Kompyuta ishirini. Kila mtoto na yake."

Mwenye shule anasema tangazo si mkataba.
Haya. Kigeuze.

Hapo nyuma Somoe wangu alichora kibodi kwa kalamu,
herufi nyingine si mahali pake, alibahatisha,
akawa anachapa usiku juu ya kinu kilichopinduliwa,
midomo ikimcheza.

Karatasi imetoboka kwenye A.

Sikuja kulipwa machozi.
Nataka magunia yangu sita.
Na hicho kipeperushi, mkishagonga mihuri yenu,
nirudishieni:
bado anakitumia.