Akiba ya Pindo

Mkawasi hakuja na pole.
Alinizungusha futi pajani
kama niwapimavyo watu miaka thelathini hapa Kibokoni,
akaandika, akauliza ngazi za nyumba yangu ni ngapi.
Kumi na saba. Ya tisa imebonyea.
"Basi ya tisa ndiyo kituo chako."

Zoezi hili si la vijana wa ufuoni,
limekatwa kwa mwili huu,
kwa damu hii ya saratani,
iliyojaa chembe changa zisizojua kazi.
Siku damu ikipungua, nusu.
Siku ya homa, nilale, nipige simu.
Siku nyingine kiti: kuinuka, kukaa, mara nane,
Mishi akihesabu toka jikoni,
akiirudia sita makusudi.

Nilimuuliza Mkawasi: dawa kali ni wiki tatu zijazo,
itaninyoa, itanikausha;
ya nini kujenga nyama ya kubomolewa?
Akalishika pindo la kanzu iliyokuwa cherehanini,
akalifunua kwa kidole gumba.
"Na hii ziada, Fundi, unamwachia nani?"

Nikanyamaza.
Nguo isiyo na akiba haina pa kufumuliwa.

Leo nimefika ya kumi na moja.
Joto limenilowesha fulana,
adhana ya alasiri imenikuta nimeketi,
mapaja yakitetemeka kama sindano
inayokimbia bila kitambaa.
"Ngapi?" Mishi ameita.
Nimesema kumi na mbili.
Kisha, kwa kuwa nimeshasema,
nikashika ukuta,
nikaipanda.