Dodoso Namba Arobaini na Moja

Swali la tisa: mama yako alifariki kwa nini?
Kwa Tusekile, tumbo.
Kwa Subilaga, kule juu, migomba ikidondosha mvua ya jana,
tumbo. Na mama mdogo? Tumbo pia.
Nusu ya Tukuyu imezikwa kwa neno moja
na kisanduku changu kinataka jina la ugonjwa.

Alikuwa akishiba upesi?
Subilaga anacheka kidogo.
"Alisogeza fundo la kitenge mara tatu
kabla hatujavuna viazi.
Tukasema amenenepa, chai imelipa."

Fomu haina nafasi ya fundo.
Naandika pembeni: mara tatu.

Ovari ni kama korosho, hukaa kimya.
Saratani yake haibishi hodi,
na kipimo cha kuiwahi bado tunakitafuta,
ndiyo maana viatu vyangu viko hivi.

Usiku, gesti, blanketi mbili.
Nachukua fomu iliyobaki.
Umri: thelathini na tisa. Watoto: hakuna.
Swali la tisa.
Naandika tumbo. Nakata. Naandika ovari,
kwa herufi kubwa, kama wanavyotaka.

Kisha nasimama,
nashika fundo la kitenge changu
na kujaribu kukumbuka
mwezi wa saba lilikaa wapi.