Silinda ya Tatu

Waliniambia nichague kwa macho.
Nikasema hapana, iwasheni alfajiri,
kabla jua halijagusa mabati ya Njoro,
ikiwa bado na baridi ya mlima kifuani.
Injini iliyokwisha kupata moto husema uongo
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai.

Nilikuwa na tela la ekseli moja,
juu yake mashine ya kukata majani ya ng'ombe,
kilo mia tisa kwenye mizani ya chama cha msingi,
na barabara ya Uru, ambayo haina haya:
inapanda, inapinda,
inapanda palepale ilipopinda.

Ya kwanza, pikapu ya Elirehema.
Tabo mpya, inapiga mluzi
kama kijana aliyeshika mshahara wa kwanza.
Hadi daraja la Rau tulikuwa tunapaa.
Kona ya pili, mshale wa joto ukasimama wima,
mluzi ukakata,
Elirehema akashuka na chupa ya maji mkononi:
"Haijawahi, dada. Haki ya Mungu, haijawahi."
Neno hilo limejaa magereji yote ya Moshi.

Ya pili, ya Kaanaeli. Silinda sita,
haina tabo, haina haraka, haina aibu ya kunywa.
Ilivuta, siwezi kuisingizia,
ilivuta tela kana kwamba ni mkia wake wa kuzaliwa.
Lakini kule juu nilipiga hesabu kwenye ganda la sigara
nikaona nimepandisha dizeli,
mashine imepewa lifti tu.

Ya tatu hakuna aliyeitaja.
Ilikuwa nyuma ya banda la Ndeshimuni, fundi nozeli,
rangi imebabuka,
mlango wa abiria umefungwa kwa mpira wa tyubu.
Ikakohoa moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha hewa tupu.
Tak, tak, tak.
Nikafanya alivyonifundisha baba:
ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio.
Usisikilize nguvu, alisema,
tafuta iliyochoka. Kila injini inayo moja.
Hii ilikuwa ya tatu kutoka mbele.
Imechoka, na haifichi.

Tulipanda kwa gia namba moja.
Watoto wa shule wakatupita.
Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita,
akageuka, akatupa pole.
Mshale wa joto ukalala katikati kama paka kitini.
Saa nzima na dakika arobaini.

Wa gereji wananiuliza ipi kiboko.
Kila mmoja anauliza habari za kupanda.
Hakuna anayeuliza siku ile niliposhuka,
tela limejaa ndizi, mvua imelainisha udongo,
breki zimekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa,
na mzigo wote unanisukuma mgongoni
kama mkopeshaji.
Sikuwa na kitu ila gia namba moja
na kizee kile kikiguna, kikikataa kukimbizwa,
kona baada ya kona.

Pale Rau nilisimama.
Nikashuka, magoti si yangu.
Nikachukua bisibisi, nikainamisha sikio.
Tak, tak,
kimya kidogo,
tak.
Bado yupo.